Hai na Dar es Salaam, 2003–2006: kiharusi kilivyohesabiwa, na kilichojificha ndani ya hesabu

Viwango vya awali vya mradi wa kuhesabu kiharusi nchini Tanzania havishtui. Wilayani Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wagonjwa wapya walikuwa 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Katika maeneo ya Dar es Salaam yaliyofuatiliwa walikuwa 107.9. Anayeishia hapo ataondoka akiamini kwamba mjini na kijijini hali ni ileile. Namba hizohizo zikisawazishwa kwa umri, yaani zikihesabiwa kana kwamba pande zote mbili zina mchanganyiko uleule wa vijana na wazee, Hai inapanda kidogo hadi 108.6, na Dar es Salaam inaruka hadi 315.9. Hakuna mgonjwa aliyeongezwa wala aliyepunguzwa. Tofauti ya karibu mara tatu ilikuwemo tangu mwanzo, ila ilifunikwa na ujana wa jiji.

Tunakichambua kisa hiki kwa sababu bado ni miongoni mwa hesabu chache za kiharusi Afrika zilizofanywa ndani ya jamii yenyewe badala ya wodini, na kwa sababu makosa yanayofanyika hadi leo katika kusoma takwimu za kiharusi yanaonekana humo waziwazi.

Vifo vilivyotangulia hesabu

Dalili za tatizo zilianza kuonekana miaka ya 1992 hadi 1995, wakati vifo vya watu wazima vilipofuatiliwa katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Hai, na Morogoro Vijijini. Sehemu kubwa ya vifo hivyo haikuwa na cheti cha daktari, kwa hiyo chanzo kilitafutwa kwa kuwahoji ndugu waliomuuguza marehemu: alianza kuumwaje, upande gani ulilegea, alipoteza usemi au la, alikaa siku ngapi kabla ya kufa.

Kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 64, vifo vya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri, vilikuwa 65 kwa wanaume na 88 kwa wanawake jijini. 44 na 33 Hai. 35 na 27 Morogoro Vijijini. Uingereza na Wales, mwaka 1993, kwa umri huohuo: 10.8 na 8.6. Yaani mwanamke wa Dar es Salaam ambaye hajafika hata miaka 65 alikuwa akifa kwa kiharusi mara kumi zaidi ya mwenzake wa kule. Dhana kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri au wa nchi zilizoendelea ilipaswa kufa hapo.

Ila vifo peke yake havitoshi. Kiwango kikubwa cha vifo kinaweza kumaanisha kwamba watu wengi wanapata kiharusi, au kwamba wanaokipata ni wa kawaida lakini wanakufa kwa kukosa matunzo, au yote mawili. Kutenganisha mambo hayo kunahitaji kuhesabu wagonjwa wapya, walio hai na waliokufa, katika eneo ambalo idadi ya wakazi wake inajulikana kwa hakika.

Nyavu tatu

Mradi huo wa kuhesabu wagonjwa wapya, unaojulikana kwa kifupi cha TSIP (Tanzania Stroke Incidence Project), ulianza Juni 2003 ukaisha Juni 2006, chini ya uongozi wa daktari Richard Walker. Ulikaa juu ya maeneo ambayo tayari yalikuwa na sensa zake: Hai yenye wakazi 159,814 na Dar es Salaam yenye 56,517. Sensa ndiyo roho ya kazi nzima. Hospitali inaweza kukuambia imelaza wagonjwa 300 wa kiharusi mwaka jana, lakini haiwezi kukuambia wametoka katika watu wangapi, na bila hao wa kugawia hakuna kiwango.

Wagonjwa walinaswa kwa njia tatu zilizofanya kazi pamoja. Kulikuwa na watafutaji wanaoishi ndani ya jamii, waliotoa taarifa kila waliposikia mtu amepooza ghafla. Kulikuwa na mawasiliano na hospitali na vituo vya afya. Na kwa waliokufa kabla ya kufikiwa, yalifanyika mahojiano na ndugu kama yale ya miaka ya 1990. Ukiondoa njia yoyote kati ya hizo, unapoteza kundi fulani la wagonjwa, na kundi hilo halifanani na waliobaki. Hospitali huwapata wenye nauli na wenye hali mbaya kiasi, lakini si mbaya mno. Aliyevuja damu nyingi kwenye ubongo usiku akafa alfajiri hafiki hospitali. Bibi aliyelegea mkono mmoja, akaendelea kula na kuongea, naye hafiki.

Kuna na suala la imani, ambalo watu wa takwimu hupenda kuliruka. Utafiti wa kijamii uliofanywa sambamba katika maeneo hayo ulionyesha kwamba Dar es Salaam, pamoja na kwamba ndiyo yenye hospitali kubwa, wengi walikihusisha kiharusi na majini au uchawi, ilhali Hai maelezo ya kawaida yalikuwa ya mwili: presha, mawazo, damu. Anayeamini amepigwa na jini ana sababu nzuri ya kumtanguliza mganga, na wengine huamini kabisa kwamba sindano itamdhuru mgonjwa. Kwa hiyo hesabu ya wodini ingepungua zaidi mahali penye kiharusi kingi zaidi.

Kumtambua mgonjwa kulifuata tafsiri ya Shirika la Afya Duniani: dalili za kushindwa kufanya kazi kwa sehemu ya ubongo zinazoanza ghafla, zikadumu zaidi ya saa 24 au kusababisha kifo, bila chanzo kingine zaidi ya mishipa ya damu. Neno linalobeba mzigo hapo ni *ghafla*. Udhaifu uliokua wiki kwa wiki unaelekeza kwenye uvimbe, au kwa mwenye VVU, kwenye maambukizi ndani ya ubongo. Aliyeamka uso umepinda upande mmoja, mikono na miguu mizima, na hawezi kukunja kipaji cha upande huo, kwa kawaida ana tatizo la neva ya uso, si kiharusi. Kwenye kiharusi kipaji huwa kinakunjika. Mgonjwa wa kisukari aliyelegea upande mmoja apimwe sukari kabla ya jambo lolote, maana sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi vizuri mno na huisha kwa glukosi. Kifafa nacho huacha mkono au mguu umelegea kwa saa kadhaa.

Kujua kama ni damu imevuja au mshipa umeziba kunahitaji kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, na hapo muda ni kila kitu. Baada ya wiki mbili hivi damu iliyovuja huanza kufyonzwa, na pichani inaweza kufanana na kuziba. Hospitali inayowapiga picha wagonjwa mwezi mmoja baadaye itaripoti kuvuja kuchache kuliko hali halisi.

Hesabu yenyewe

Kwa miaka mitatu walipatikana wagonjwa 636: 453 Hai na 183 Dar es Salaam. Zidisha wakazi kwa miaka: Hai ni 479,442, Dar es Salaam ni 169,551. Gawanya 453 kwa 479,442, kisha zidisha kwa 100,000: 94.5. Fanya vivyo hivyo kwa Dar es Salaam: 107.9. Hivi ndivyo viwango ghafi, na havina kosa lolote la kihesabu. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka kujua atahitaji vitanda vingapi mwakani atumie hivi hivi.

Tatizo linaanza pale unapolinganisha. Kiharusi kinapanda sana kadiri umri unavyosogea, na Dar es Salaam ni jiji la vijana waliokuja kutafuta maisha, huku wazee wengi wakirudi au wakibaki nyumbani kwao.

Chukua mfano wa kubuni. Kijiji chenye watu 100,000 kina wazee 8,000 wa miaka 65 na zaidi. Chini ya umri huo kiharusi ni 30 kwa 100,000, na kwa wazee ni 900. Wagonjwa wa mwaka: karibu 28 kwa wadogo na 72 kwa wazee, jumla 100. Mji wenye watu 100,000 una wazee 2,000 tu. Chini ya 65 kiharusi ni 60, kwa wazee ni 2,000. Wagonjwa: karibu 59 na 40, jumla 99. Ghafi zinalingana, ilhali katika kila rika mkazi wa mjini yuko hatarini mara mbili au zaidi. Sasa uupe mji huo muundo wa umri wa kijiji, yaani wadogo 92,000 na wazee 8,000, bila kugusa viwango vya kila rika: 55 na 160, jumla 215.

Kusawazisha umri ni hilo tu, isipokuwa badala ya makundi mawili hutumika makundi ya miaka mitano mitano, na badala ya kijiji hutumika idadi ya mfano ya dunia iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo ndani yake wenye miaka 65 na zaidi ni takriban 8 katika kila 100. Tanzania, kwa sensa ya 2002, walikuwa karibu 4.

Hata hivyo, 315.9 isisomwe kama msahafu. Wigo wake wa asilimia 95, yaani mipaka ambamo kiwango halisi kinatarajiwa kuwemo, ni 281.6 hadi 352.3, wa Hai ni 89.0 hadi 130.9, na wigo hizo hazikaribiani hata kidogo, kwa hiyo tofauti ipo. Lakini wigo hauoni kila kitu. Jijini wagonjwa wote ni 183, na waliokuwa wazee sana ni wachache miongoni mwao. Kusawazisha kunawapa wachache hao uzito mkubwa. Mzee mmoja aliyeletwa kutoka mkoani kwa mwanawe ili atibiwe, akaandikwa kama mkazi, anaongeza idadi ya wagonjwa bila kuongeza idadi ya wakazi wa kugawia, na katika kundi la miaka 75 kwenda juu kosa la watu wachache linatosha kuuvuta mstari. Dawa yake ni kanuni ya ukaazi iliyoandikwa kabla ya kazi kuanza, kwa mfano awe anaishi eneo hilo kwa miezi kadhaa kabla ya siku aliyougua, na izingatiwe bila huruma.

Mchezo uleule kwenye presha

Vipimo vya shinikizo la damu vilivyofanywa Ilala na katika eneo la Shari, Hai, vikachapishwa mwaka 2000, vinarudia jambo hilo kwa namna ya kuvutia zaidi. Ghafi: wanaume 30% na wanawake 28.6% Ilala, 32.2% na 31.5% Hai. Kijijini presha imezidi. Baada ya kusawazisha umri: Ilala 37.3% na 39.1%, Hai 26.3% na 27.4%. Mpangilio umegeuka kabisa.

Lakini kinachouma si hayo. Kati ya waliokutwa na 140/90 au zaidi, walioijua hali yao hawakufika 20%. Waliosema wanatumia dawa walikuwa karibu 10%. Ambao presha yao ilikuwa imeshuka chini ya 140/90 walikuwa chini ya 1%. Mtu akiuliza kwa nini wanawake wa Dar es Salaam wa miaka ya 1990 walikufa mara kumi ya wale wa Uingereza, aanzie kwenye hiyo asilimia moja.

Kihatarishi kidogo kwa namba, kikubwa kwa mzigo

Sehemu ya pili ya mradi, iliyochapishwa 2013, iliwalinganisha wagonjwa 200 na watu 398 wasio na kiharusi, wa umri na jinsia ileile, kutoka jamii zilezile. Baada ya kuzingatia vihatarishi vyote kwa pamoja, uwiano wa uwezekano ulitoka hivi: aliyewahi kupata tatizo la moyo 7.39, maambukizi ya VVU 5.61, uwiano mbaya wa lehemu yote kwa lehemu nzuri 4.54, uvutaji wa sigara 2.72, shinikizo la damu 2.14.

Msomaji wa haraka atapanga vipaumbele kwa mpangilio huo, na presha itakuja mkiani. Hilo ni kosa. Namba hizi zinasema hatari inaongezeka kiasi gani *kwa mtu aliye nacho* kihatarishi. Hazisemi ni wangapi walio nacho. Waliowahi kuugua moyo ni wachache katika jamii. Wenye presha ni theluthi ya watu wazima. Mzigo wa jamii hutokana na vyote viwili.

Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa 2016, ulipiga hesabu hiyo moja kwa moja: presha ilibeba 46% ya kiharusi chote, VVU 15%. Kwa wenye miaka 45 au chini, VVU ilipanda hadi 42%. Huko ndiko pia ulikobainika mtego mwingine: asiyetumia dawa za VVU alikuwa na uwiano wa 4.48, lakini aliyeanza dawa katika miezi sita iliyopita alikuwa na 15.6. Si hoja ya kuacha dawa. Kinga inapoamka haraka kwa mtu aliyechelewa sana kuanza, uvimbe wa mishipa na maambukizi yaliyojificha huweza kuchochewa, kwa hiyo miezi hiyo sita ndiyo ya kumpima presha kila anapokuja kliniki na kutopuuza kichwa kinachouma. Wagonjwa wa TSIP walikusanywa wakati dawa za bure za kufubaza VVU ndiyo kwanza zinaanza kusambaa Tanzania, tangu 2004, na 5.61 isomwe ndani ya mazingira hayo.

Kwa nini basi presha imetoka 2.14 tu, tena kwa wigo mpana wa 1.09 hadi 4.17? Utafiti wa INTERSTROKE wa nchi 32 ulipata 2.98. Ule wa SIREN, Nigeria na Ghana, wenye wagonjwa 2,118 na idadi hiyohiyo ya kulinganisha, ulipata 19.36. Mishipa ya Mtanzania haitofautiani na ya Mghana kiasi hicho.

Jibu kubwa liko katika namna ya kuamua nani ana presha. Mgonjwa hupimwa baada ya kiharusi, na kiharusi chenyewe hupandisha presha kwa siku kadhaa. Ukimhesabu kila aliyezidi 140/90 siku ya kwanza, unawabatiza presha hata wasiokuwa nayo, na uwiano unavimba. Ukikataa kipimo hicho ukauliza tu, "Uliwahi kuambiwa una presha?", mahali ambapo wanne kati ya watano wenye presha hawajui, uwiano unasinyaa. Kila utafiti huchagua pa kusimama kati ya makosa hayo mawili.

Jambo la pili ni waliokufa. Waliohojiwa na kupimwa damu ni 200 kati ya 636. Kiharusi cha kuvuja damu ndicho chenye uhusiano mkubwa zaidi na presha, na ndicho kinachoua haraka zaidi. Waliotangulia hawakufunga mkono kwenye kipimo, na inaelekea wameondoka na sehemu ya uhusiano huo. Umri nao hauonekani kwenye orodha, si kwa sababu hauna hatari, bali kwa kuwa makundi yalilinganishwa kwa umri. Ulichokilinganisha huwezi tena kukipima.

Baada ya siku ya 28

Wagonjwa 130 wa Hai walifuatiliwa. Ndani ya siku 28 walikufa 23.8%, kiasi kisichotofautiana sana na nchi nyingi zenye hospitali bora. Kufikia miaka mitatu walikuwa wamekufa 60%. Pengo hilo kati ya mwezi na miaka mitatu ndilo linalohitaji kuangaliwa, maana wakati huo mgonjwa yuko nyumbani, si wodini.

Wanaomuua mgonjwa wa kiharusi nyumbani wanajulikana: nimonia ya chakula kilichopita njia isiyo yake, vidonda vya kulalia vilivyoingia usaha, kiharusi cha pili. Hakuna kinachohitaji mashine. Kabla ya kumlisha, aketishwe wima, apewe maji kijiko kimoja cha chai, kisha aongee. Akikohoa au sauti ikilowa, asilishwe kwa mdomo hadi aonwe na mtaalamu. Asiyejigeuza ageuzwe kila saa mbili, usiku pia. Dawa ya presha iendelee hata akijisikia mzima, na hapa ndipo familia nyingi hukwama: chupa ya mwezi wa kwanza ikiisha na presha ikiwa imeshuka, hainunuliwi ya pili. Aspirini isianzishwe kwa kubahatisha kabla ya picha, kwa kuwa aliyevuja damu itamzidishia.

Wilaya ikitaka kuhesabu leo

Si lazima kuwe na mradi mkubwa. Kinachohitajika ni idadi ya wakazi kwa makundi ya miaka mitano, daftari moja linalounganisha wodi, zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufuta jina lililoandikwa mara mbili. Kila mgonjwa aandikwe umri halisi (tukio la kihistoria litumike kwa asiyejua mwaka wake), kijiji au mtaa, siku na saa dalili zilipoanza, upande uliolegea, sukari, kiharusi cha kwanza au cha kurudia, siku ya picha kama ipo, na hali yake siku ya 28. Safu ya "cha kwanza au cha kurudia" ndiyo huachwa wazi zaidi, na bila hiyo mgonjwa mmoja aliyelazwa mara tatu anakuwa wagonjwa watatu.

Presha nayo ipimwe kwa utaratibu mmoja kila kituo: akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mkanda unaolingana na mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za uongo kwenda juu. Apimwe mara mbili kwa kuachana dakika moja, kila namba iandikwe kama ilivyosomeka, kisha wastani wake. Daftari lenye 140/90, 150/90 na 160/100 ukurasa mzima limeandikwa na mtu anayekadiria, na linaweza kutambuliwa kwa kuhesabu tu tarakimu za mwisho: kipimo cha kidijiti kisomwacho kwa uaminifu hutoa sifuri kwa takriban moja ya kumi ya vipimo.